Wimbi ndani ya ndoo

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya ndoo, mpira wa maji na kopo la maziwa. Najua wapo watakaosema mtangazaji ameishiwa na mada. Waniwie radhi na wanisikilize mpaka mwisho, kwa maana katika vitu hivyo vitatu nilipata somo ambalo nilipaswa kulijua tangu shuleni, na somo hilo liligharimu samaki saba ambao hawakuwa wangu.

Dada yangu ameolewa Masuguru, upande ule wa Handeni na Korogwe ambako maji ni mali na lambo ni benki. Mwanawe wa pili, kijana wa kidato cha tatu, alitengeneza tangi la samaki kwa vioo vinene alivyokatiwa na fundi wa madirisha, akaviunganisha kwa silikoni. Tangi lina urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 40, na linachukua lita 120 hivi bila kujaa pomoni. Humo alitia perege wadogo kutoka lambo. Perege, kwa wale wa Kanda ya Ziwa, ndiye ndugu yake sato. Na watu wa Korogwe wana haki ya kujivunia samaki huyu, kwa sababu aina moja ya perege wa bonde la Pangani ina jina la mji wao katika vitabu vya sayansi duniani kote: Oreochromis korogwe, aliyeelezwa mwaka 1955 na mtaalamu wa samaki wa Kiingereza, Bibi Rosemary Lowe.

Kijana alitia samaki kumi na wawili, wakafa. Akatia tena kumi na wawili, wakafa. Mara zote mbili walikufa alfajiri, na mara zote mbili umeme ulikuwa umekatika usiku, kile kimashine kidogo cha kupuliza hewa kikanyamaza. Shemeji yangu si mkali, lakini alisema neno lililomwingia kijana: “Maji haya dada zako wanayabeba kichwani. Samaki wako wanayachafua, kisha wanakufa. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho.” Kijana akanipigia simu. “Shikamoo mjomba. Wewe unazungumza na wataalamu kila siku. Nifanye nini?”

Nami, kama ilivyo desturi ya watu wa redio, nikajibu kabla ya kufikiri: “Usiwe na wasiwasi, nakuja.”

Kwanza, kwa nini alfajiri? Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na oksijeni hiyo ni kidogo mno. Lita moja ya hewa tunayovuta sisi ina zaidi ya miligramu 250 za oksijeni. Lita moja ya maji ya nchi yetu ya joto, hata yakishiba kabisa, huwa na kama miligramu 8. Mchana, mimea ya majini na ule ukijani unaoelea hutengeneza oksijeni kwa msaada wa jua. Jua likizama, kazi hiyo husimama, na mimea ile ile hugeuka kuwa mlaji pamoja na samaki. Usiku kucha akiba inaliwa bila kuongezwa, na mfuko huwa mtupu kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Ndiyo maana mfugaji wa bwawa akiona samaki wake wamepanda juu alfajiri, midomo wazi, wanahema, hajiulizi mara mbili. Wanalamba tabaka la juu ambalo angalau limegusana na hewa.

Dawa ya jambo hili ni kuyachanganya maji na hewa. Baharini kazi hiyo hufanywa na wimbi. Aliyewahi kusimama juu ya mwamba wa matumbawe pale Tanga maji yakianza kujaa anafahamu kwamba wimbi haliji kama maji ya bomba. Linakusanyika, linapiga, linarudi, kisha kuna utulivu. Watu waliotaka kufuga matumbawe ndani ya vioo waliliona hilo. Bwana Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, Washington, alitumia vyombo vinavyojaa maji na kupinduka vyenyewe ili kuleta mawimbi katika mwamba wake wa ndani ya nyumba. Naye Bwana Bruce Carlson wa nyumba ya samaki ya Waikiki, kule Hawaii, alipata sifa kwa kifaa kisicho na kitu kinachochezacheza hata kimoja: chombo kilichowekwa juu na bomba lililopindwa, basi. Kifaa hicho mpaka leo huitwa kwa jina lake. Hawa walikuwa na pampu ya umeme ya kupandisha maji. Sisi Masuguru tulikuwa na pipa la lita 200 na mikono yetu.

Siri ya bomba lililopindwa kila dereva anaijua. Ukitaka kutoa mafuta katika tangi la gari, unatumbukiza mpira, unanyonya upande wa pili, unashusha chini, na mafuta yanatoka yenyewe mpaka uinue mpira. Yanapanda kwanza, yakivuka kigongo cha mpira, ndipo yanashuka. Kinachofanya kazi hapo ni uzito. Upande wa nje wa mpira ni mrefu kuliko wa ndani, kwa hiyo kioevu kilichomo upande huo ni kizito zaidi. Kinaposhuka kinawavuta wenzake, na hewa inayoelemea uso wa mafuta ndani ya tangi inasaidia kuwasukuma. Mnyororo huo haukatiki mpaka hewa iingie ndani ya mpira.

Sasa fikiri ndoo ya lita 10 iliyotobolewa ubavuni, karibu na kitako. Tulipitisha kipande cha bomba katika tundu, tukaziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na silikoni, tukaunganisha mpira wa inchi moja. Mpira ule tuliupandisha kwa nje, ubavuni mwa ndoo, mpaka karibu na mdomo wake, tukaukunja polepole usibonyee, kisha tukaushusha hadi kwenye tangi la samaki lililo chini yake. Maji yakiingia ndani ya ndoo, yanapanda pia ndani ya mpira, kimo kwa kimo. Yakifika kwenye kigongo yanavuka, mpira unajaa, na hakuna haja ya mtu kunyonya. Lita 6 zinashuka kwa mkupuo. Maji ya ndoo yakifika kwenye tundu, mpira unavuta hewa, unakoroma kama mzee aliyeshiba, mnyororo unakatika, na ndoo inaanza kujaa upya.

Lita 6 katika tangi la ukubwa ule hupandisha maji kwa sentimita moja na nusu hivi, kwa hiyo hayamwagiki sakafuni. Yaliyozidi yanatokea kwenye bomba la pembeni na kuingia pipa la pili, lililozikwa nusu ardhini nje ya ukuta. Asubuhi maji yale yale yanarudishwa juu kwa ndoo. Hakuna tone jipya linalobebwa kutoka lambo, isipokuwa la kufidia yaliyokauka. Hilo nilimweleza shemeji kwa kirefu, naye akatikisa kichwa kwa adabu.

Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Pipa la lita 200 likiwekwa juu ya kichanja na koki yake ikaachia lita 20 kwa saa, litadumu saa kumi, tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ndoo inayomwaga lita 6 itapiga wimbi kila dakika 18. Jumamosi jioni nikakusanya familia. Nikachukua jagi, nikajaza ndoo. Wimbi likapiga, watoto wakashangilia. Nikarudia mara tatu. Kisha nikafungua koki ya pipa kidogo, kama hesabu ilivyotaka, nikala ugali wangu, nikalala usingizi wa mtu mwenye diploma.

Ndugu wasikilizaji, alfajiri ile sikuamshwa na mtu. Niliamshwa na ukimya. Nilipofika sebuleni kijana alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo na tochi. Saba walikuwa wamekufa, watano walikuwa hai. Shemeji alisimama mlangoni kidogo, hakusema neno, akachukua jembe lake akaondoka. Afadhali angesema.

Nikaanza kutafuta la kusema mimi. Labda ugonjwa, labda chakula kilizidi. Kijana hakunisikiliza. Akasema, “Mjomba, hawa watano wote walikuwa hapa.” Akaonyesha kwa kidole: chini ya mdomo wa mpira, pale tu, wamebanana kama abiria kituoni. Nikatazama mdomo wa mpira. Ulikuwa unadondosha maji. Haukupiga wimbi, ulidondosha tu, kijistari chembamba kisichozidi unene wa uzi wa mshonaji.

Tukaitazama ndoo. Maji yalikuwa yamefika kwenye kigongo na kusimama hapo. Yaliyoingia kutoka pipa yalikuwa machache mno kuujaza mpira wa inchi moja. Yalipofika juu yaliteleza upande mmoja wa mpira, kama mvua ndogo inavyoteleza kwenye bati, na hewa ikabaki imekaa upande wa pili. Mnyororo haukuungana hata mara moja usiku kucha. Kilichoingia ndicho kilichotoka, tone kwa tone. Nalo bomba la kutolea maji yaliyozidi nilikuwa nimeliweka karibu na mdomo wa mpira, kwa kuwa niliamini wimbi litafika mbali kabla ya kurudi. Yale matone yakaingia na kutoka karibu pale pale. Ndani ya tangi la lita 120 palikuwa na mahali pamoja tu pa kuvuta pumzi, na waliopata nafasi walikuwa watano.

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Nilikijaribu kifaa kwa jagi, nikakiacha kiishi kwa matone. Jagi lilijaza mpira kwa nguvu, likafukuza hewa yote, nami nikadhani nimekithibitisha kifaa, kumbe nimelithibitisha jagi.

Kifaa cha namna hii kina masharti mawili, na ninawaomba mnaopenda ufundi myaandike. La kwanza: maji yanayoingia yasiwe mengi kama yanayotoka, ama sivyo mpira hautapata hewa, hautakoroma, na utabaki kuwa bomba la kawaida lisilokoma. La pili, ambalo ndilo lililonishinda: yasiwe machache kiasi cha kuteleza juu ya kigongo bila kuujaza mpira. Mpira ukiwa mpana, unahitaji maji mengi ya kuuanzisha. Ukiwa mwembamba, maji machache yanatosha, ila wimbi nalo linakuwa dogo.

Tulitaka wimbi kubwa kwa maji machache. Nikiwa nimekaa pale, aibu imenijaa, nilikumbuka ndiva za Upare. Niliwahi kwenda Same kikazi nikaonyeshwa. Chemchemi ya mlimani ni ndogo. Ukiiacha iteremke ilivyo, maji yanakwisha njiani, udongo unayanywa kabla hayajafika shambani. Wazee wakajenga ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji usiku. Asubuhi wanazibua, na maji yale yale ambayo yasingefika mahali sasa yanashuka kwa nguvu hadi mashamba ya chini. Mlima haukuongeza hata tone. Kilichoongezeka ni subira.

Nikamwambia kijana, “Tunahitaji ndiva ndogo juu ya ndoo.” Akafikiri, akaenda jikoni, akarudi na kopo la maziwa la lita moja.

Alilitoboa pande mbili, chini kidogo ya nusu ya kimo chake, akapitisha waya mnene wa kulining’iniza juu ya ndoo. Kwenye kitako akafunga bolti nzito, na nyuma akaweka kijiti cha kulizuia lisirudi nyuma, ili lielekee mbele kidogo. Kopo likiwa tupu, bolti hulisimamisha. Maji yakidondoka ndani yake, uzito unapanda juu taratibu. Ukiisha kupita kimo cha waya, kopo haliwezi tena kusimama: linapinduka, linamwaga karibu lita nzima kwa mkupuo, kisha bolti inalirudisha wima. Kopo halina haraka. Liwe na matone mengi au machache, litasubiri lijae.

Jinsi kopo linavyoisaidia ndoo ni hivi: lita moja ikiingia ghafla, maji ya ndoo yanapanda sentimita mbili kwa mara moja, yanakifunika kigongo, yanasukuma hewa nje, na mpira unajaa. Ikitokea kopo la kwanza halikutosha, linalofuata litatosha. Vilevile tuliliondoa bomba la kutolea maji tukalipeleka mwisho wa pili wa tangi, ili maji mapya yalazimike kusafiri. Safari hii hatukugusa jagi. Tulifungua koki kwa kiasi kile kile cha usiku, tukakaa mchana kutwa tunatazama.

Usiku ule hatukulala. Tulizima taa tukasikiliza, kazi ambayo mimi ninalipwa kuifanya. Matone kwenye kopo, to, to, to. Kopo likipinduka, kishindo kidogo. Makopo matano au sita, kisha ule mshindo mkubwa, maji yanaporomoka, tangi linavuma, na mwisho mpira unakoroma. Kijana aliandika kila wimbi kwenye daftari. Yapata saa saba usiku mlango wa chumbani ukafunguka, shemeji akauliza gizani, “Hilo ni la ngapi?” Kijana akajibu, “La kumi na nane, baba.” Mlango ukafungwa. La kumi na tisa lilipopiga tulisikia akikohoa ndani, nikajua naye anahesabu.

Daftari lilitufichulia jambo jingine. Mapema mawimbi yalikuja kila dakika 15 au 16, lakini kadiri usiku ulivyokwenda yalichelewa, 20, 22, 25. Pipa likipungua, maji yake hayaielemei koki kama mwanzo, na matone yanapungua. Yaani kifaa kilikuwa kinachoka saa ile ile samaki wanapokihitaji zaidi. Saa tisa usiku kijana aliamka akafungua koki kidogo zaidi, na amefanya hivyo kila usiku tangu hapo. Mwenye boya la tangi la choo anaweza kuliweka katika ndoo ndogo kati ya pipa na kopo, kimo cha maji kikabaki kile kile usiku kucha, akalala. Kijana anasema hajali kuamka.

Saa kumi na moja alfajiri tuliwasha tochi. Wale watano hawakuwa juu. Walikuwa chini, wametawanyika, kila mmoja na kona yake, wanachezesha mapezi kama watu wasio na shida na mtu. Hesabu inakubali. Maji yanayofika yameshiba hewa, kama miligramu 7 kwa lita. Lita 20 kwa saa, hata samaki wakiachiwa sehemu tu ya oksijeni hiyo, zinawatosha perege watano wadogo, na ninaamini zingewatosha kumi na wawili. Usiku wa kwanza pia lita zilikuwa ishirini. Maji yalikuwa yale yale, pipa lile lile, oksijeni ile ile. Tofauti ni kwamba yalidondoka badala ya kupiga.

Kwa wale watakaojaribu, nasisitiza mambo matatu. Kichanja kiwe imara, kwa sababu pipa la lita 200 lina uzito wa kilo 200 na zaidi, na likianguka halitachagua. Acha nafasi juu ya tangi la kioo, na bomba la kutolea maji liwe pana kuliko mpira wa kuingizia, maana jani moja likiziba utaogelea sebuleni. Na maji yanayozunguka kila usiku bado yanachafuka. Ondoa sehemu kila wiki umwagilie mchicha, uongeze mengine.

Hayo ni ya ufundi. La nne ni langu mwenyewe, na halihusu samaki tu. Mara ngapi tumealikwa kwenye uzinduzi wa kisima au mashine, mgeni rasmi akafungua koki, maji yakaruka, tukapiga makofi, nami nikatangaza kwamba mradi umekamilika? Siku ile kuna mafuta ya kutosha, fundi yupo, pipa limejaa. Hilo ni jagi. Swali ambalo mwandishi anapaswa kuuliza ni kifaa kile kitafanya nini saa tisa usiku, kikiwa na matone. Sikuwa nikiliuliza ipasavyo. Siku hizi nauliza.

Nilipoaga Masuguru, shemeji alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea mfuko. Hakuzungumzia samaki njia nzima. Gari lilipofika akasema, “Lambo lina perege wengi. Nimemwambia akachukue saba.”

Hadi wiki ijayo, kwaherini.